Insafu ya Mwongozaji

Haifaa al-Mansour, mwanamke wa Saudia, alipoipiga filamu yake Wadjda katika mitaa ya Riyadh, hakuweza kusimama hadharani akiwaamuru wanaume. Basi alijisitiri ndani ya gari, akawa anatazama katika kioo yale ambayo kamera iliyaona njiani, na maagizo yake akiyapeleka kwa simu ya upepo. Kazi iliyofanywa kwa dhiki ya namna hiyo, katika nchi ambayo kumbi zake za sinema zilikuwa zimefungwa tangu miaka ya 1980, ingaliweza kutoka na uchungu na kisasi. Nayo, ilipoonyeshwa Venice mwaka 2012, ilitoka na insafu, na sifa hiyo naipenda kuliko ile ya kuwa filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudia.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wadjda, binti anayekaribia kubaleghe, anaitamani baiskeli ya kijani yenye bei ya riali 800 ili ashindane mbio na Abdullah, mtoto wa jirani; mamaye akimkatalia, anajiandikisha katika mashindano ya Qur'ani ambayo zawadi yake ni riali 1,000.

Hapo ndipo ustadi unapopimwa. Mtunzi dhaifu angaliifanya dini kuwa pingu ya mtoto basi. Al-Mansour anatukalisha darasani miongoni mwa mabinti, tumsikie Wadjda akikwama katika matamshi, akirekebishwa, akirudia, hata siku ya mashindano sauti yake ikatoka imenyooka, yenye taadhima, ambayo yeyote aliyelelewa chuoni Lamu au Unguja hawezi kuisikia asinyamaze.

Insafu hiyo inawafikia hata wasiopendeza. Bi Hussa, mwalimu mkuu, anapomsikia Wadjda, aliyeibuka mshindi, akisema kwamba atanunua baiskeli, anaamuru fedha zile zipelekwe Palestina; na huyo huyo ndiye anayemwambia Wadjda kwamba anamkumbusha utoto wake mwenyewe, nasi twatambua kuwa ukali ule ulikuwa na chanzo. Mama naye, ambaye mumewe anataka kuongeza mke apate mtoto wa kiume, anakataa kazi ya hospitali ambako wanawake huchanganyika na wanaume, kisha ndiye anayeinunua baiskeli.

Ninaloliona bora kuliko yote liko ukutani. Ni shajara ya nasaba ya baba, majina ya wanaume matupu. Wadjda anaandika jina lake kwenye kijikaratasi, analibana pale kwa kibanio cha nywele, na baadaye analikuta limebanduliwa. Hapana anayehutubu.

Lakini liko pengo, wala mapenzi yangu kwa filamu hii hayanizuii kulitaja. Iqbal, dereva mgeni anayempeleka mama kazini, tunaisikia hasira yake na kuona haraka yake, ila hatupewi nafasi ya kuuona mji kwa macho yake. Nasi ambao dada zetu wanatumika katika majumba ya Ghuba hatuwezi kulipita jambo hilo kama dogo.

Waongozaji wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambako mashindano ya Qur'ani hufanyika kila Ramadhani, nawasihi waitazame filamu hii kabla ya kushika kamera, na katika visa vyao wampe dereva naye zamu ya kusema.