Kufunga, Kushika au Kungojana? Uhakiki wa Istilahi za Makufuli katika Viendeshaji vya Kompyuta

Utangulizi

Uhakiki uliozoeleka katika kurasa kama hizi ni ule wa riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tunakusudia kuhakiki kitu kidogo zaidi, nacho ni kitenzi kimoja, kufunga, pamoja na mzigo kinachotwishwa katika lugha ya kompyuta. Tumechagua uwanja mgumu kwa makusudi: makosa ya makufuli ndani ya viendeshaji vya vifaa, na namna yanavyorekebishwa. Tunaamini kwamba lugha hupimwa mahali ambapo neno likikosewa, kazi nayo huharibika.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Bujumbura kwa namna ya pekee. Mwanafunzi wetu wa kompyuta husoma kwa Kifaransa, hukuta miongozo ya mafundi kwa Kiingereza, huzungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili akipita Buyenzi na Bwiza. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, tumekuwa tukimwambia kwamba Kiswahili kitamfungulia milango. Ni haki yake kutuuliza: je, kinaweza kumweleza kwa nini mashine yake imeganda?

Jamaa tatu zenye mzizi mmoja

Kwanza tuangalie majina. Programu kuu inayosimamia kompyuta huitwa mfumo endeshi. Sehemu inayohifadhi diski huitwa kiendeshi. Halafu ipo programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, kama vile printa, kadi ya mtandao au kamera. Hii nayo wapo wanaoiita kiendeshi, wengine kiendeshaji, na wengine dereva. Mambo matatu tofauti yamezaliwa na kitenzi kimoja, kuendesha, na mawili kati yake yanagombea jina lile lile. Katika makala haya tutatumia kiendeshaji kwa programu hiyo ndogo, na kiendeshi tutaiachia diski.

Viendeshaji si jambo la pembeni. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichunguza kiini cha Linux na kuonyesha kwamba kiwango cha makosa katika viendeshaji kilikuwa mara 3 hadi 7 ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Sababu zinaeleweka. Viendeshaji ni vingi, huandikwa na watu wengi wasiofahamiana, na kila kimoja hutegemea kifaa ambacho si kila mkaguzi anacho mezani. Miongoni mwa makosa hayo, yanayowasumbua mafundi kuliko mengine ni ya makufuli, kwa kuwa hujitokeza leo na kesho yakajificha.

Kitenzi kilicholemewa

Kufuli ni neno zuri. Lilitufikia kutoka Kiarabu, na kila mtoto analijua. Tatizo letu si nomino bali kitenzi kinachoandamana nayo. Katika programu nyingi zilizotafsiriwa, kuliondoa faili kwenye skrini ni kufunga; kuizuia simu isitumiwe na mwingine ni kufunga; na kuipachika programu mpya kwenye kompyuta, mafundi husema pia kufunga, kama wanavyofunga mtambo au dishi. Fundi wa magari akikuambia "nimefunga breki", huna budi kumtazama kwanza: ameikanyaga au ameipachika?

Barabarani muktadha hutuokoa. Katika kiini cha kompyuta hautuokoi. Chukua sentensi "Programu imefunga kiendeshaji". Inaweza kumaanisha kwamba imekipachika, imekisimamisha, imekizuia kisitumiwe, au imeshika kufuli linalolinda data zake. Kila maana ina tiba yake. Mwanafunzi atakayeshika maana isiyo yenyewe atatibu jino wakati kinachouma ni sikio.

Kufuli la kiini halifanani hasa na lile la mlangoni. La mlangoni humzuia mwizi, na mwenye ufunguo huweza kuondoka akaliacha limefungwa. La kiini halimzuii adui yeyote. Huwapanga wenzi wa kazi moja ili wapeane zamu. Mfano ulio karibu nalo zaidi ni ule wa reli za njia moja. Katika nchi mbalimbali dereva wa treni hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia bila kukabidhiwa kijiti cha kipande hicho, na kijiti kilikuwa kimoja tu. Akifika mwisho alikirudisha, na mwingine akakipokea. Kwa hiyo kinachofaa kusemwa ni kwamba kufuli hushikwa na huachiwa. Kwa mtazamo wetu, badiliko hili dogo la kitenzi lina faida kubwa, kwani kila kosa la makufuli linahusu nani ameshika, ameshika kwa muda gani, na ameshika kwa utaratibu upi.

Kugombania

Tulijaribu pendekezo hili kwa makosa yenyewe. La kwanza hutokea pale ambapo hakuna aliyeshika chochote. Kiendeshaji cha kadi ya mtandao kinahesabu vifurushi vya data vilivyopokewa, na hesabu imefika 10. Prosesa mbili zinaisoma kwa wakati mmoja, kila moja inaongeza 1, kila moja inaandika 11. Ilipaswa kuwa 12. Baadhi ya watu huiita hali hii mbio au mashindano. Hatukubaliani nao. Mashindano yana kanuni na mshindi. Hapa hakuna mshindi, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Kugombania ni neno lililo karibu zaidi na ukweli. Tiba yake ni kushika kufuli kabla ya kusoma na kuliachia baada ya kuandika, na kila sehemu nyingine inayoigusa hesabu hiyo ifanye vivyo hivyo. Kufuli hulinda data, si mistari ya programu. Sehemu moja ikisahau, ulinzi wote umebomoka.

Kungojana na kujingoja

Kosa la pili Wafaransa huliita "interblocage". Mchakato wa kwanza umeshika kufuli A na unataka B. Wa pili umeshika B na unataka A. Hakuna anayeachia, hakuna anayesonga. Wapo wanaopenda kulieleza kwa methali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Methali ni tamu lakini hapa inapotosha, maana mafahali hupigana, ilhali michakato hii imetulia tuli, kila mmoja akimngoja mwenzake kwa adabu.

Hapa sarufi yetu ina hazina. Kiambishi -an- kinatupa kungojana, na ndani ya neno hilo moja fasili yote imo: wawili au zaidi, na kila mmoja ni sababu ya mwingine kusubiri. Mrundi hahitaji kufundishwa hili, kwa kuwa Kirundi nacho husema gukunda na gukundana. Inaweza kupingwa kwamba kungojana katika mazungumzo ya kawaida ni jambo jema, kama wasafiri wanaongojana ili waondoke pamoja. Pingamizi hilo lina uzito, na ndiyo sababu tunapendekeza istilahi kamili iwe mkwamo wa kungojana.

Tiba yake ni utaratibu: wote wakubaliane kwamba A hushikwa kabla ya B, daima. Katika kiini cha Linux, chombo cha ukaguzi kilichotengenezwa na Ingo Molnar kiliingizwa mwaka 2006 katika toleo la 2.6.18. Hurekodi utaratibu ambao makufuli hushikwa, na hutoa onyo pindi kinapoona utaratibu umegeuzwa, hata kama mkwamo wenyewe bado haujatokea.

Lipo kosa jirani ambalo -an- haiwezi kulibeba. Kiendeshaji kimeshika kufuli, mara kifaa kinatuma kikatizo kwenye prosesa ile ile. Kazi inasimama, programu ya kushughulikia kikatizo inaanza, nayo inalitaka kufuli lile lile. Itangoja milele, kwa sababu aliyelishika hawezi kuendelea mpaka yenyewe imalize. Hapa hakuna wawili; prosesa inajingoja. Kiambishi -ji- kinatenganisha ugonjwa huu na ule wa kwanza, na tiba zake ni tofauti pia. Kubadili utaratibu hakusaidii kitu. Inabidi kuzuia vikatizo kwenye prosesa hiyo kabla ya kushika kufuli, na kuviruhusu tena baada ya kuliachia.

Kungoja macho, kungoja usingizini

Kiswahili cha tafsiri hutumia kusubiri kwa kila aina ya kungoja. Kiini kinatofautisha aina mbili. Katika kufuli la kuzunguka, anayengoja hukaa macho, akiuliza bila kukoma kama limeachiwa. Linafaa kwa kazi fupi sana. Katika kufuli la kulala, anayengoja husinzia, prosesa hupewa mwingine, naye huamshwa zamu yake ikifika. Kosa maarufu la waandishi wa viendeshaji ni kushika kufuli la kuzunguka kisha kufanya jambo linaloweza kuleta usingizi, kwa mfano kuomba kumbukumbu kwa njia inayoruhusu kusubiri. Aliyeshika amelala, wanaongoja wanazunguka, na mashine inaganda. Tiba ni kuiomba kumbukumbu mapema kabla ya kushika, au kutumia kufuli la kulala pale ambapo linaruhusiwa. Anayetumia kusubiri kwa yote mawili hawezi hata kulitaja kosa hili, sembuse kulirekebisha.

Kufuli moja kwa wote

Historia nayo ina funzo. Linux ilipoanza kuhudumia prosesa nyingi, katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, iliwekewa kufuli kuu moja la kiini kizima. Ilikuwa njia rahisi na salama ya kuanzia, lakini wengi waliingojea zamu hiyo moja. Kuliondoa kulichukua miaka 15. Halikuweza kubadilishwa kwa siku moja, kwani lilikuwa na tabia zake: aliyelishika aliweza kulishika tena bila kukwama, na akilala liliachiwa lenyewe. Kwa hiyo lilisukumwa kidogo kidogo hadi ndani ya kila kiendeshaji, kisha mafundi wakauliza, kiendeshaji baada ya kiendeshaji, ni data zipi hasa zinazolindwa, wakaweka kufuli dogo mahali pake au wakaona halihitajiki kabisa. Mabaki yake yaliondolewa na Arnd Bergmann katika toleo la 2.6.39, mwaka 2011.

Tunaona kufunga ndilo kufuli kuu la istilahi zetu. Lilitusaidia kuanza, na hatulilaumu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na kwa maneno mepesi ya aina hiyo watu waliweza kuandika barua kwa menyu za Kiswahili. Hata hivyo kazi iliishia kwenye menyu. Nyaraka za kiini cha Linux zina tafsiri za Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia na Kihispania. Ya Kiswahili haimo.

Hitimisho

Wapo watakaosema mambo haya yaachiwe Kiingereza, kwa kuwa anayerekebisha kiini lazima akijue. Ni kweli kwamba lazima akijue. Lakini kujua lugha ya mwongozo ni jambo moja, na kuwa na lugha ya kufikiria kosa pamoja na mwenzako ni jambo jingine. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai, mwaka 2021, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku hiyo itapata maana zaidi ikiwa kati ya sherehe moja na nyingine kuna kazi iliyofanyika.

Pendekezo letu, basi, ni hili: kufunga kubaki kwa milango, faili na mitambo, makufuli ya kiini yashikwe na kuachiwa, na viambishi -an- na -ji- vifanye kazi ambayo hakuna nomino ya kukopa inayoweza kuifanya. Tunawaomba wenzetu wanaofundisha kompyuta wayajaribu maneno haya kwa wanafunzi wao, kwa kuwapa sentensi moja tu waieleze: "Kiendeshaji kimelala kikiwa kimeshika kufuli." Mwanafunzi akiweza kusema ni nani anayeumia na kwa nini, istilahi imefaulu. Asipoweza, tuletewe sentensi iliyo bora kuliko hiyo.