Kioo cha Cassius si cha dirishani
Msomaji wa leo akikutana na neno glass katika tamthilia za Shakespeare, akili inakimbilia dirisha au bilauri. Hapo ndipo anapopotea. Ndani ya Julius Caesar, Cassius anajitolea kuwa glass ya Brutus, yaani kioo cha kujitazamia. Na kioo chenyewe kina hila: kinamwonyesha Brutus sura anayoitaka Cassius, ndiyo inayompeleka kwenye mauaji. Ukisoma dirisha, hila yote inakupita. Hali ni hiyo hiyo katika Biblia ya King James ya 1611, 1 Wakorintho 13: Mwingereza wa leo anadhani Paulo anachungulia dirisha chafu. Kiswahili chetu bado kinaita vyote viwili kioo. Basi tuulize kwanza: nani kakishika?