Tadbiri ya John Ngugi katika Mita 5,000

Watu wanapoikumbuka fainali ya mita 5,000 ya Michezo ya Olimpiki ya Seoul, iliyokimbiwa tarehe 1 Oktoba 1988, husifu ushujaa wa John Ngugi wa Kenya, na ushujaa huo haukanushiki. Lakini sifa iliyo kubwa zaidi, nayo aghalabu husahauliwa, ni ya tadbiri, kwa kuwa mtu yule aliyachukua maarifa ya mbio za nyika akayatia katika mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja, mahali ambapo wenziwe walikuwa na desturi nyingine kabisa.

Desturi yao ilikuwa kwenda kundi moja, kila mmoja akijikinga nyuma ya mwenziwe, wakivuta subira mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho, ndipo mwenye miguu myepesi achomoke. Ngugi, ambaye hatua zake zilikuwa ndefu na mwendo wake haukuwa wa kupendeza macho, hakujaaliwa mchomoko wa namna hiyo, na kama angaliingoja kengele angaliwakabidhi wapinzani silaha waitakayo. Mafunzo yake yalikuwa ya nyikani, alikokwisha kutwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, Neuchâtel 1986, Warsaw 1987 na Auckland 1988. Na nyikani, penye vilima na matope, kasi haina kipimo cha kuaminika, hata anayeachwa mapema hawezi kujua kwa yakini kama aliyemtangulia amefanya ujinga au amekwisha kushinda.

Shaka hiyo ndiyo aliyoipanda Seoul. Kilomita ya kwanza aliimaliza nyuma ya kundi, kisha ghafula akawapita wote akashika mbele, akaikimbia kilomita iliyofuata kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia zikiwa zimesalia mbio nyingi hivyo. Hapo kila mpinzani alikabiliwa na mambo mawili, yote mazito: kumfuata ni kutumia nguvu za mwisho wa safari mapema mno, na kutomfuata ni kumwachia nishani. Domingos Castro wa Ureno, ambaye nadhani hajasifiwa inavyomstahili, alichagua kumfuata, akakimbia peke yake bila wa kumkinga, na thamani ya uamuzi huo akailipa mita chache kabla ya utepe, pale Dieter Baumann wa Ujerumani Magharibi na Hansjörg Kunze wa Ujerumani Mashariki, waliokuwa wamejihifadhi nyuma, walipompita wote wawili.

Nyakati zenyewe zaeleza: Ngugi 13:11.70, Baumann 13:15.52, Kunze 13:15.73, Castro 13:16.09. Hawa watatu waliomfuata walitenganishwa na muda usiofika sekunde moja, maana yake kwao mchomoko ulikuwa na kazi; ama Ngugi alikuwa mbele kwa karibu sekunde nne, yaani mita zipatazo ishirini na nne kwa mwendo wake wa wastani, na hakuna mchomoko wa kuziziba. Tena Baumann ndiye aliyetwaa dhahabu ya Barcelona mwaka 1992 kwa mchomoko wa mwisho. Kama Ngugi angalimpeleka mtu huyo mpaka kengele wakiwa bega kwa bega, naamini Ngugi angalishindwa.

Tadbiri hii ilikuwa na udhaifu mmoja, kwamba haikuacha akiba. Auckland mwaka 1990, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Ngugi alianguka mapema, akainuka, akalifikia kundi, akaliacha tena kwa mkupuo uleule. Yaani alilipa mara mbili kwa mbio moja. Andrew Lloyd wa Australia akamfikia kwenye hatua za mwisho, akamshinda kwa sehemu nane za mia za sekunde. Wengine walisema hesabu yake imepitwa na wakati, na mwaka huo na uliofuata ubingwa wa dunia wa nyika ulikuwa kwa Khalid Skah wa Moroko. Lakini mwezi Machi 1992, katika theluji ya Boston, Ngugi alitwaa ubingwa wake wa tano wa dunia, na Skah akamaliza wa nne.