Hospitali ya 1997 Ndani ya Laptopu Isiyo na Windows

Laptopu yenyewe ni mtumba, wa aina ambayo wauzaji wa Kitui mjini huiita ex-UK: kona zimekwaruzika, betri haishiki zaidi ya saa moja na nusu, prosesa ni Intel ya kizazi cha 3. Ni ya mpwa wangu anayesoma Kibwezi, upande wa Makueni. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine hiyo ilifungiwa nje, kwani Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kipengele cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Nikafuta diski, nikaweka Linux Mint, mfumo endeshi usiolipiwa hata senti. Kuandika, kuchapisha na kuvinjari vikaenda sawa. Mpwa alikuwa na swali moja tu: “Na ile hospitali, mjomba?”

Hospitali anayoisema ni Theme Hospital, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Bullfrog ya Uingereza mwaka 1997. Mchezaji hujenga wodi, huajiri madaktari na kutibu maradhi ya kubuni. Kuna mgonjwa anayeingia kichwa kimevimba kama puto. Daktari hukitoboa, kikanywea, kisha hukijaza hewa kwa mashine hadi kifike saizi ya kawaida. Mtoto aliyeona hilo mara moja haachi kuuliza.

Mchezo huo tuliununua kidijitali kwenye duka la GOG, lililoanzishwa na wenye CD Projekt ya Poland mwaka 2008. Malipo yalipita kwa M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa isiyoshikika mkononi iliyoanza mwaka 2022. Kisakinishi kilishuka usiku, bando lilipokuwa nafuu. Tatizo lilionekana kwenye jina la faili: mwisho wake ni .exe. Kimetengenezewa Windows, na Windows tumeshaifuta.

Wengi hufika hapo wakarudi nyuma, wakidhani pesa zimepotea. Hazijapotea. Mfugaji nyuki wa Mwingi hamwagi asali kwa sababu mzinga umeoza. Mchezo wa zamani una sehemu mbili: data, yaani picha, sauti, ramani na kanuni zake, na injini, yaani programu inayozisoma data hizo na kuzionyesha. Mwenye kuelewa mgawanyo huo anajua kwamba data ndizo alizolipia, na kwamba injini inaweza kubadilishwa.

Kazi ya kwanza ni kufungua furushi. Visakinishi vya GOG vya Windows hufungwa kwa Inno Setup, na kwenye Linux kuna programu ndogo iitwayo innoextract inayovifungua bila Windows yoyote kuhusika. Niliingia kwenye dirisha la amri, nikaandika neno innoextract likifuatwa na jina la faili, nikabonyeza Enter. Majina ya faili yakateremka kwenye kioo, na mwisho ikabaki folda ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na DATA, LEVELS, SOUND, QDATA na nyinginezo, na pembeni programu iitwayo DOSBox.

DOSBox hiyo ndiyo inayofichua siri ya biashara yenyewe. Theme Hospital iliyomo humo ni ya DOS, mfumo uliotangulia Windows tunazozijua. Hata mnunuzi mwenye Windows mpya kabisa hauchezi mchezo huo juu ya Windows moja kwa moja. Anauchezea ndani ya DOSBox, ambayo duka limemfungia pamoja na data. Na DOSBox, kazi iliyoanzishwa na Waholanzi Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2002, ni programu huria inayopatikana pia kwa Linux. Kwa hiyo njia ya kwanza ilikuwa fupi: nikaiacha DOSBox ya Windows, nikasakinisha ya Linux, nikaielekeza kwenye folda ile ile.

DOSBox huigiza kompyuta nzima ya zamani: prosesa, kadi ya michoro, hata kadi ya sauti ya Sound Blaster. Mchezo unadhani uko nyumbani. Maagizo yote hukaa kwenye faili za matini zenye mwisho wa .conf. GOG huweka mbili: moja inaeleza mashine, nyingine ina amri za kuwashia mchezo. Nilizifungua zote kwa kihariri cha kawaida. Penye njia za folda zilizoandikwa kwa mkwaju wa nyuma, kama ilivyo desturi ya Windows, nikaweka mkwaju wa mbele unaotumiwa na Linux. Baadhi ya michezo huja pia na faili mbili za ajabu, moja inaishia na .gog na nyingine na .ins. Usiogope: hizo ni nakala ya CD ya zamani iliyobadilishwa jina, na amri ya imgmount huisoma bila shida.

Kipimo kinachosumbua zaidi ni kile kiitwacho cycles, idadi ya maagizo ambayo prosesa ya kuigiza hutekeleza kwa kila milisekunde. Ikiwa ndogo mno, sauti inakatika na wagonjwa wanatembea kwa kigugumizi. Ikiwa kubwa mno, michezo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kurudi nyuma, ambayo mingi ilitegemea kasi ya prosesa kuhesabu muda, hukimbia kama filamu iliyoharakishwa. Dawa ni kushika Ctrl na kubonyeza F11 kupunguza au F12 kuongeza, huku mchezo ukiendelea, hadi utulie. Ukipata namba nzuri, iandike kwenye .conf usije ukaitafuta tena kesho.

Hospitali ikafunguka, lakini gharama ikaonekana mara moja: feni ilianza kulia. Kuigiza ni kazi nzito, maana kila agizo la prosesa ya kale lazima litafsiriwe kabla ya kutekelezwa. Kwa laptopu inayotumia betri iliyochoka, feni inayolia ni dakika zinazopotea. Ndipo nikahamia njia ya pili.

Njia ya pili ni kuitupa injini ya kale na kuweka mpya. Mwaka 2009 Peter Cawley alianzisha CorsixTH, injini huria iliyoandikwa upya inayosoma data za Theme Hospital. Haiji na picha wala sauti za mchezo; ikiwaka mara ya kwanza inauliza folda ya mchezo wako iko wapi. Niliionyesha ile iliyotoka kwa innoextract, basi. Feni ikanyamaza, kwa kuwa sasa programu inaendeshwa na prosesa moja kwa moja, bila kuigiza chochote. Picha pia ikajaa kioo chote badala ya kubanwa kwenye mraba mdogo.

Kasoro ilikuwa moja: milango ilisikika ikifunguka, wagonjwa walisikika wakikohoa, ila muziki haukuwepo. Sababu ni kwamba milio ya mchezo huu ni sauti iliyorekodiwa, lakini muziki wake ni noti tupu, maagizo ya ala ipi ilie wakati gani. Ni sawa na kuita ngoma ya kilumi kisha wapiga ngoma wasitokee. Linux ilihitaji faili ya sauti za ala. Nilipoisakinisha kutoka ghala la programu na kuiwasha upya CorsixTH, muziki ukaanza.

Mbinu hii haikuishia hospitalini. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, huendesha mamia ya michezo ya hadithi na mafumbo, na inapatikana hata kwa Android, yaani kwenye simu ambayo wasomaji wengi wa Kitui na Makueni tayari wanayo. Mchezo wa Doom nao ulifunguliwa pale watengenezaji wake, id Software, walipotoa msimbo chanzo mwezi Desemba 1997. Faili yake ya data, iitwayo WAD, uliyonunua inasomwa na injini nyingi huria. Tahadhari ni moja: kwa Linux, DOOM.WAD na doom.wad ni faili mbili tofauti. Injini ikidai haioni data, angalia kwanza herufi kubwa na ndogo.

Njia ya tatu inahusu michezo iliyozaliwa ndani ya Windows na ambayo bado haijapata injini mpya. Hapo hutumika Wine, kazi iliyoanza mwaka 1993 na kufikia toleo la 1.0 mwaka 2008. Wine haiigizi mashine, ni mkalimani. Mchezo ukiomba kwa lugha ya Windows faili ifunguliwe au dirisha lichorwe, Wine hupeleka ombi hilo kwa Linux na kurudisha jibu ambalo mchezo utalielewa. Ina kasi nzuri, ila ndiyo njia yenye mshangao mwingi: mchezo mmoja unawaka mara moja, jirani yake unaishia kwenye kioo cheusi. Michezo mingi ya miaka ya 1990 ni ya biti 32, na mifumo endeshi inazidi kuachana na biti 32. Wine 9.0 ya Januari 2024 ililegeza tatizo hilo kwa kuweza kuendesha programu za biti 32 bila maktaba za biti 32 za Linux.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: injini mpya kwanza, DOSBox ya pili, Wine ya mwisho.

Kipimo cha kweli kilikuja miezi miwili baadaye, diski ya laptopu ilipokufa huko Kibwezi. Nilipanda matatu ya barabara ya Mutomo na Ikutha nikiwa na diski mpya na flashi moja, yenye Linux Mint, faili za CorsixTH na innoextract, na kile kisakinishi cha .exe. Nyumbani hapakuwa na mtandao siku hiyo. Mchezo ukawaka. “Mjomba, mbona haiombi intaneti?” Nikamjibu: “Kwa sababu tulishalipa.”

Jibu hilo halifai kila duka. Maduka mengi hukuuzia ruhusa ya kuingia tu, na mlango unaweza kufungwa. Sheria ya California iliyoanza kutumika Januari 2025 inawalazimu wauzaji kusema wazi kwamba mnunuzi anapata leseni, isipokuwa pale anapoweza kupakua bidhaa na kubaki nayo bila mtandao. Kwetu Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamruhusu mwenye programu kihalali kujiwekea nakala ya akiba. Ruhusa hiyo haina maana kama duka halikupi faili ya kunakili.

Basi kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, kuna kisakinishi cha kupakua na kuhifadhi, na je, kuna injini huria inayosoma data zake? Na kama shilingi haipo, Beneath a Steel Sky ya mwaka 1994 inatolewa bure kwa idhini ya wenyewe, na ScummVM huiendesha vizuri; anza nayo ujifunze.

Kisakinishi cha hospitali sasa kiko kwenye flashi mbili: moja Kitui, moja Kibwezi.