Mapango ya Filamu na Pango la Mghimbi

Mpenzi wa filamu za njozi anaposafiri, aghalabu macho yake hutangulia kufika kabla ya miguu. Ameshaiona milima ya New Zealand katika filamu tatu za The Lord of the Rings, zilizotolewa kuanzia 2001 hadi 2003, na sasa anaipanda ili ahakikishe kwamba ipo. Afrika Mashariki nayo ina ziara zake za namna hiyo. Katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wageni huoneshwa majabali yanayosemwa kuwa ndiyo yaliyowapa wachoraji wa The Lion King (1994) sura ya makao ya Simba na jamaa zake. Sehemu za Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life (2003) pia zilipigwa huko. Korongo la hapo Wamaasai waliliita Ol Njorowa. Juu ya jina hilo likaja la wapelelezi wa Kizungu, na juu ya la wapelelezi likaja la katuni.

Raha ya ziara hizo si ya kudharauliwa, lakini ni raha ya kulinganisha. Jabali likifanana na picha, mgeni huridhika. Lisipofanana, hulaumiwa jabali.

Safari ya kupanda milima ya Upare ni ya namna nyingine. Same ni mji wa barabara kuu, wenye vumbi na joto, ambao wasafiri wengi huupita wakiwa na haraka ya kufika Moshi. Juu yake imesimama safu ya Upare Kusini, yenye misitu ya ukungu hadi kilele cha Shengena, mita 2,462. Sifa ya milima hii haikutokana na sinema. Hata hivyo, huko Mbaga watembeaji hupelekwa kuona mahali pawili ambapo mtunzi yeyote wa filamu za njozi angepatamani: mapango ya Mghimbi na jiwe la Malameni. Huko kinachomngoja mgeni si picha bali masimulizi, na masimulizi hayo yanastahili kupimwa kama inavyopimwa kazi yoyote ya fasihi.

Kipimo cha kwanza msomaji wa Kiswahili anacho tayari. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929 kutoka riwaya ya Rider Haggard, ilisomwa na vizazi vya wanafunzi wa pwani na bara, na filamu yake ya mwaka 1950 ilipigwa kwa sehemu kubwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Katika riwaya hiyo pango ni tumbo la kutisha. Ndani yake mna hazina, maiti za wafalme na kikongwe mchawi. Shujaa hutoka mbali, huingia, huchukua, hutoka. Lara Croft miaka mia na zaidi baadaye afuata njia ile ile: asili ya maafa imefichwa chini ya ardhi ya Afrika, karibu na Kilimanjaro, inalindwa na mazimwi, na ajuaye la kufanya ni mgeni. Mitambo ya kupigia picha imebadilika sana tangu Haggard, lakini ramani ya hofu ni ile ile. Kibaya kiko mlimani. Kizuri kinakuja kwa safari.

Mghimbi inaipindua ramani hiyo. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 Wapare walijificha katika mapango yale wawakimbie wawindaji wa watumwa. Hapa pango ndilo salama. Zimwi liko nje, nalo linapanda kutoka bondeni, kwenye njia za misafara iliyofuata mto Ruvu kwenda na kutoka Pangani. Mgeni aliyetoka mbali, yule ambaye riwaya na filamu humvika ushujaa, ndiye anayekimbiwa.

Kwa msomaji wa visiwani jambo hili halina budi kuuma kidogo. Chini ya milima, upande wa Mkomazi, kuna kijiji kiitwacho Kisiwani, wala bahari haionekani. Mpwani akilisikia jina hilo hutabasamu kama aliyekuta ndugu ugenini. Lakini huenda jina la pwani halikupokewa kwa tabasamu sikuzote katika vijiji vya juu. Haki yataka isemwe pia kwamba wawindaji hawakuwa wapwani peke yao. Semboja wa Mazinde, mtawala wa Kikilindi, alikuwa jirani, naye aliishambulia nchi ya Wapare. Ila bunduki zilipanda kutoka pwani, na mateka walishuka kuelekea huko huko.

Masimulizi ya Malameni ni dhaifu zaidi, ijapokuwa ndiyo yanayosisimua. Husemwa kwamba juu ya jiwe hilo watoto walitolewa kafara ili kutuliza mizimu, na kwamba desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1930. Yanaposimuliwa kwa ufupi huo, mgeni hurudi moja kwa moja kwenye pango la Haggard. Kosa si kutaja kafara. Mambo mazito hayafichwi. Kosa ni kulitenga jiwe na nchi yake: na koo zilizotunza misitu mitakatifu, na ukame, na hofu ya watu waliotegemea mvua. Hata jicho la mwandishi wa kwanza lilikuwa limechagua upande. Jakob Dannholz, mmisionari Mjerumani aliyeishi Mbaga, alikipa kitabu chake cha 1916 jina la Kijerumani lenye maana ya kuwa chini ya nguvu ya imani ya mizimu. Msimulizi wa leo akiishia kwenye damu, huwa anaendelea kuhariri kitabu hicho bila kujua. Na anasimulia kwa Kiswahili au Kiingereza kile kilichoishi kwanza kwa Chasu, pamoja na majina ambayo katika Chasu yana maana na katika tafsiri yamebaki sauti.

Filamu yenyewe si adui. Maangamizi: The Ancient One (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikwishaonesha kwamba mzimu wa kale waweza kuingia katika filamu bila kugeuzwa kinyago cha kutishia wageni, pale mzimu ni njia ya mwanamke aliyefungwa na ukimya kurudi kwenye kumbukumbu yake. Mtunzi wa aina hiyo akipanda Mbaga, itambidi aamue ataiweka wapi kamera Mghimbi: mlangoni, pamoja na anayeingia, au ndani gizani, pamoja na wanaosikia hatua zikikaribia. Filamu nyingi za mapango huchagua mlangoni.

Unguja nako kuna chumba cha chini ya ardhi, Mangapwani, ambako watalii huambiwa kwamba watumwa walifichwa humo baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Mghimbi watu walijificha wasikamatwe. Mangapwani walifichwa wakiwa wamekwisha kukamatwa. Ni miisho miwili ya njia moja, na kila upande una msimulizi wake, ambaye kisa chake huanza au hukoma katikati ya njia.