Shali ya Julai

Elizabeth Zimmermann alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akahamia Marekani na kuishi jimbo la Wisconsin, katika jengo lililokuwa shule ya kijijini. Alikuwa mfumaji wa sweta na shali aliyechoshwa na vitabu vinavyomwamuru mtu kila hatua pasipo kumpa sababu. Katika kitabu chake Knitter's Almanac, kilichotoka mwaka 1974, kila mwezi ulipewa kazi yake, na Julai ikapata shali ya duara. Huko Julai ni katikati ya kiangazi. Watu hufunga mizigo wakaenda kupiga kambi, na mfumaji hutaka kazi isiyojaza begi wala kumlazimisha kuchungulia karatasi kila dakika.

Shali hiyo hujulikana kama Shali ya Pai (π), kwa sababu imejengwa juu ya kanuni ya duara tuliyoisoma shuleni: nusu kipenyo kikiongezeka maradufu, mzingo nao huongezeka maradufu. Mfumaji huanza na vitanzi 9 na kuvifuma duru moja. Katika duru inayofuata huzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kila kitanzi, na vile 9 vinakuwa 18. Hufuma duru 3 bila kuongeza chochote, kisha huongeza tena maradufu, vipate kuwa 36. Duru 6, halafu 72. Duru 12, halafu 144. Duru 24, halafu 288. Duru 48, halafu 576. Mwili mzima wa shali umekwisha kuelezwa.

Wanaofuma vitambaa vya mezani kwa sindano ya kulabu watauona upesi ujanja uliopo hapa. Wao huongeza kidogo katika kila duru ili kitambaa kilale, na wasipohesabu vizuri hujikunja kama bakuli au hupinda pembeni. Zimmermann alikusanya nyongeza zote katika duru sita tu. Katikati ya duru hizo hakuna vitanzi vya kuhesabu wala hatua za kukumbuka. Mfumaji anaweza kuzungumza, kutazama ziwa, kumsikiliza mtoto anayesimulia ndoto yake, na mikono ikaendelea. Linaloiwezesha hesabu hiyo ya kuruka ni tabia ya kitambaa chenyewe: vitanzi huvutika na kugawana nafasi, hata ngazi zile sita zikayeyuka na duara likalala sawasawa. Na kwa kuwa kila uzi uliozungushwa huacha kitundu, duru ya kuongeza hujigeuza pambo. Shali ikikamilika huwa na pete za vitundu, kila moja mbali na kitovu takriban mara mbili ya iliyotangulia.

Uvumilivu nao una hesabu yake. Ukanda wa vitanzi 18, wenye duru 3, ni vitanzi 54 vya kufuma, kazi ya kikombe kimoja cha chai. Unaofuata ni 216, kisha 864, kisha 3,456, na ule wa duru 48 ni 13,824. Kila ukanda ni mara nne ya uliopita, kwa kuwa duru zimeongezeka maradufu na urefu wa kila duru pia. Kwa hiyo anayejifunza hupata mazoezi yake yote mwanzoni, shali ikiwa ndogo kuliko kiganja, na kufikia ukanda mrefu mikono huwa imezoea. Kinachobaki ni kurudia, na ndipo mvuto wa uzi husawazika, kitanzi kikafanana na jirani yake.

Pagumu ni pale mwanzo. Vitanzi 9 vikigawanywa kwenye sindano tatu fupi zenye ncha pande zote huteleza, na sindano hugongana. Pakishapatikana vitanzi vya kutosha, kazi huhamishiwa kwenye sindano ya mviringo, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini, nayo husonga mbele bila kugeuzwa. Uzi wa rangi nyingine huonyesha duru inapoanzia. Kabla ya kila duru ya kuongeza ni busara kupitisha uzi mwembamba ndani ya vitanzi vyote na kuuacha humo. Kitanzi kikiponyoka baadaye, kazi itafumuka hadi kwenye uzi huo tu.

Wepesi wa shali hutokana na uzi mwembamba kufumwa kwa sindano nene kuliko unavyostahili. Vitanzi hulegea, hewa hupita. Sufu nyembamba hutosha jioni ya kiangazi kando ya maji, na ina mnyumbuko unaosamehe mkono usio sawa. Pamba hupendeza kwenye joto zaidi, ila haina mnyumbuko huo, kwa hiyo kila kitanzi kilicholegea huonekana.

Ukingo ndio sehemu inayomrudisha mfumaji kwenye mwendo wa polepole. Hufumwa kwa upana, vitanzi vichache vikienda na kurudi, na kila mara vinaporudi kwenye shali kimoja hushikamana na kitanzi kimoja kilichokuwa kikisubiri. Vitanzi 576 hudai safu 1,152 fupi. Kisha shali hulowekwa, hukamuliwa ndani ya taulo, hutandazwa na kubanwa kwa pini zisizoshika kutu. Kabla ya hapo huwa kama kitambaa kilichokunjamana. Ikivutwa, vitundu hufunguka na ndipo mpango wote unasomeka.

Ninachokistahi zaidi katika kazi hii ni uhuru unaomwachia anayeanza. Anaweza kuishia vitanzi 288 akapata shali ndogo ya mabegani, au kuendelea hadi uzi umwishie. Mkono ukikomaa, anaweza kujaza kanda zile pana kwa mapambo yoyote yanayogawanyika kwenye idadi ya vitanzi alivyo navyo. Zimmermann aliwapa wafumaji kanuni inayokaa kichwani, na mwenye kanuni hiyo anaweza kuanza shali nyingine mahali popote, bila kitabu.