Kindi Mbele ya Majoka

Agosti 2014, jijini Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia wa Pokémon huku kikosini mwake akiwemo Pachirisu, kindi wa umeme ambaye jumla ya nguvu zake za asili ni 405. Joka Garchomp, kipenzi cha washindani msimu ule, ana 600. Ukumbi ulirindima kwa shangwe, na hadi leo wengi huuita ule ushindi muujiza. Siafiki. Park alizisoma sheria kuliko wenzake, basi.

Sheria zenyewe si ngumu. Unakuja na viumbe sita, na kila mmoja huhesabiwa leveli ya 50 hata kama umemlea hadi 100. Kiumbe hajirudii kikosini, wala wawili hawashiki kifaa cha namna moja. Mnaonyeshana vikosi kwa sekunde 90, kisha kila mtu anateua wanne wa kuingia ulingoni, wawili kwa wawili. Msimu ule liliongezwa sharti jingine: wacheze viumbe wa eneo la Kalos tu.

Wawili kwa wawili ndiyo habari yote. Katika pambano la mmoja kwa mmoja, Pachirisu hana lake. Akiwa na mwenzake pembeni, ana mbinu ya Follow Me: shambulio lililolengwa kwa mwenzake humgeukia yeye. Amoonguss, yule uyoga, hufanya kazi hiyohiyo kwa Rage Powder, ila tangu kizazi cha sita cha mchezo viumbe wa aina ya majani hawadanganyiki nayo tena. Ya kindi haina tundu hilo.

Sasa mweke kando ya Gyarados, nyoka wa maji na upepo ambaye umeme humuumiza mara 4. Mpinzani anauona udhaifu huo na kutupa Thunderbolt. Kindi anajitokeza, anaipokea, na kipaji chake cha Volt Absorb kinaligeuza pigo kuwa dawa: anarudishiwa robo ya uhai wake. Zamu ya mpinzani imekwenda bure, na Gyarados hajaguswa.

Umeme hauji kila mara, kwa hiyo lazima kindi awe mgumu. Park aliyawekeza mafunzo yake kwenye ustahimilivu, akaacha nguvu ya kupiga. Katika leveli ya 50, uhai wa Pachirisu hupanda kwa mafunzo hayo kutoka 135 hadi 167. Tunda la Sitrus humwongezea 41 akifika nusu. Na kupiga? Mbinu ya Super Fang haijali udogo wake: hukata nusu ya uhai uliobaki wa anayepatwa. Nuzzle nayo humpoozesha adui anayepatwa, na msimu ule kasi ya aliyepooza ilishuka hadi robo.

Kinga hii ina mipaka. Mashambulio yanayopiga wote wawili kwa mpigo, kama Rock Slide, hayageuzwi na Follow Me.

Kwangu mimi, hata hivyo, pambano linaanza katika zile sekunde 90. Mpinzani anamwona kindi miongoni mwa sita, asijue kama ataingia. Akiwaacha nje wapiga umeme wake kwa kumhofia, na kindi asipoingia, Gyarados anabaki huru.